Jiwe la Tanga na Kipimo cha Moto

Mji wa Tanga umezungukwa na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, yalichimbwa na maji ndani ya mawe hayo, na kule Pongwe kiwanda cha saruji ya Simba kinayasaga tangu mwaka 1980. Karne nyingi kabla yake, waashi wa msikiti na makaburi ya Tongoni, kilomita 17 hivi kusini, walichoma matumbawe. Malighafi karibu ni ileile; matayarisho na moto ndivyo vinavyotofautisha.

Mchoma chokaa wa pwani hupanga magogo, akapakia matumbawe juu, akawasha. Joto likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe huachia kaboni dayoksidi: kilo 100 za jiwe safi hubakisha kilo 56 za oksidi ya kalsiamu. Ukilimwagia maji bonge lililoiva, hufuka mvuke, hupasuka, kisha huporomoka kuwa unga mweupe; huko ndiko kuzima chokaa. Lisipoiva, kiini hubaki jiwe. Likiungua kupita kiasi, vitundu vyake huziba, likawa gumu kuzimika. Huja kuvimba likiwa tayari ukutani, likabandua lipu.

Saruji ina masharti zaidi. Mawe ya chokaa huchanganywa na udongo wenye silika, alumina na oksidi ya chuma, vyote vikasagwa laini kama sembe. Usagaji huo una sababu: tanurini sehemu ndogo tu ya mchanganyiko huyeyuka, kwa hiyo chembe huungana pale zinapokaribiana. Punje zikiwa kubwa, chokaa nyingine hukosa cha kuungana nacho, na ikizidi huweza kuvimba baadaye na kupasua zege. Kwenye nyuzi 1,450 hivi hupatikana klinka, vinundu vigumu vya kijivu.

Kupoza nako kuna ufundi wake. Klinka ikipoa polepole, madini yanayoipa saruji nguvu ya mapema huanza kuvunjika. Ndiyo maana hupulizwa hewa baridi mara itokapo tanurini. Kisha husagwa pamoja na jasi kidogo, zege lisije likaganda kabla fundi hajalimwaga.

Anayekarabati nyumba ya zamani kwa chokaa hana maabara ya kiwandani, lakini anao muda. Azime chokaa yake vizuri, achekeche mabonge, aiache shimoni ilowe kwa wiki kadhaa. Punje zilizoungua sana zitamalizia kuvimba humo shimoni, si ukutani.