Mvua ilipokuwa na mwenyewe

Mwezi wa tatu ukifika, Rwambuzi yote inaangalia juu. Mama ameshalima kipande chake nyuma ya nyumba, mbegu ya maharagi iko tayari ndani ya sahani, mawingu yanakusanyika upande wa Ziwa Albert, kisha upepo unayachukua. Inapita siku tatu hivi, siku nne. Siku ya tano neno linatoka kwenye bomba la maji na linafika sokoni mbele ya jua kuzama: "Kuko mutu anafunga mvua."

Neno hilo si mchezo. Lina historia yake ndefu hapa kwetu, na lina hatari yake.

Kwa wazee wetu majira hayakuwa hesabu ya miezi tu. Mvua ilikuwa na mwenyewe. Tuanze na Mahagi. Mtafiti Aidan Southall, katika kitabu chake Alur Society cha mwaka 1956, anaeleza jinsi Waalur walivyoenea juu ya milima. Hawakupigana vita kubwa. Majirani zao, Walendu na Waokebo, ndio walienda kwa chefu wa Kialur kutafuta mmoja wa watoto wake aje kukaa kwao. Mara nyingine walimchukua kwa nguvu! Walimtaka kwa sababu mbili: akate maneno kati ya ndugu wanaogombana, na alete mvua. Nguvu ya mvua, waliamini, iko ndani ya damu ya ukoo wa machefu. Mahali mtoto huyo anakaa, mvua itamfuata.

Ukipanda Aru, kwa Walugbara, utakuta jambo linalofanana. Mtafiti John Middleton aliandika kwamba kila ukoo ulikuwa na mzee wake wa mvua, na mzee huyo alikuwa na uwezo wa kusimamisha mapigano. Akisema yatosha, mishale inarudi nyumbani. Aliyekimbilia kwake hakuguswa.

Kule kusini, Wayira wa Beni na ndugu zao Wakonzo wa Uganda waliweka mwenye majira juu kabisa ya mlima Rwenzori. Anaitwa Kithasamba, na makao yake ni ndani ya barafu, kwenye mlima unaofika metre 5 109. Barafu wanaiita nzururu. Kwao ule weupe wa juu na maji yanayoshuka mabondeni ni jambo moja: Kithasamba akiwa na amani, mashamba yanazaa. Na ndani ya pori la Mambasa, Wambuti waliona pori lenyewe kuwa kama mzazi. Mawindo yakiwa mabaya au kifo kikiingia, walisema pori limelala, basi wakaliamsha kwa nyimbo za usiku.

Angalia vizuri, msomaji. Hadithi hizi zote zinasema kitu kimoja. Hali ya hewa ni uhusiano. Watu wakiwa sawa kati yao, na wakiwa sawa na mwenye mvua, majira yanafuatana. Watu wakiharibu, mbingu inafunga.

Lakini mahali mvua iko na mwenyewe, ukame nao unamtafuta mwenyewe. Mtafiti Simon Simonse, katika kitabu Kings of Disaster cha mwaka 1992, anaeleza habari za wafalme wa mvua wa mashariki ya Nile, Sudan Kusini. Mvua ikikataa, watu walianza kumwomba mfalme wao, kisha wakamtisha, na mara nyingine walimwua. Leo machefu hawaulizwi tena habari ya mvua. Basi neno linamwangukia nani? Mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea: mama mzee anayekaa peke yake, mjane, au mgeni ambaye hajulikani vizuri kwenye kartie. Na radi ni vilevile. Radi ikipiga mtu, watu wanauliza "nani amemutumia?" mbele hata ya kuuliza alikuwa amesimama wapi. Wakati huo Kongo yetu ya mashariki ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi mingi kuliko zote duniani. Hesabu za satelite zilizotolewa mwaka 2016 ziliweka Kabare, Kivu ya Kusini, namba ya kwanza kwa Afrika. Hakuna mchawi mwenye kazi ya namna hiyo.

Basi mvua inaendeshwa na nini? Bunia iko karibu sana na ikweta, digrii moja na nusu hivi upande wa kaskazini. Jua linapita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Mahali jua linachoma sana, hewa inapanda, inapoa, inakuwa mawingu. Mkanda huo wa mawingu unalifuata jua, lakini unachelewa kidogo nyuma yake. Ndiyo maana tunapata mvua mara mbili: kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, tena kuanzia wa nane mpaka wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na mbili mkanda umeenda kusini. Upepo mkavu unatoka upande wa Sudan na vumbi lake, nasi tunaingia kiangazi. Ziwa Albert nalo linasaidia: maji yake yako chini, kama metre 620, na Bunia iko juu ya 1 200. Hewa yenye maji ikisukumwa kupanda ule mteremko, inapoa na kuangusha mvua. Mkanda ukichelewa wiki mbili, wote tunachelewa. Hakuna mtu wa Rwambuzi anaweza kuushika.

Kithasamba mwenyewe anahamishwa. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika kama kilometre 6,5 za mraba. Kufika mwaka 2003 haikufika tena hata moja. Wazee wakisema majira yamebadilika, hawasemi uongo.

Je, tutupe hadithi zote? Apana. Kuna jambo moja wazee waliona vizuri, na linatuhusu sisi Waituri zaidi ya wengine. Yule mtu wa mvua alikuwa pia mtu wa amani. Walijua kwamba shamba linahitaji vyote viwili. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mvua imenyesha Djugu kwa wakati wake mara nyingi, lakini mwenye shamba alikuwa ndani ya kambi, chini ya shitingi. Udongo ulilowa, jembe halikuwepo. Njaa hiyo haikutoka mbinguni.

Kwa hiyo siku ya tano, neno likitoka tena kwenye bomba, jibu liwepo. Yule mama mzee hakufunga kitu, mwacheni alale. Mkitaka kumtafuta anayefunga shamba, mtafuteni pale bunduki inalia.