Altezza mbele ya tuta: kushusha gari bila kulivunja

Kwenye barabara ya Nairobi hadi Arusha, mwenye Toyota Altezza iliyoshushwa haogopi kona wala lori. Anaogopa matuta. Yapo penye soko, yapo penye shule, na akishavuka Namanga yanamngoja tena upande wa pili. Tuta lililojengwa kwa vipimo hufika kimo cha takribani sentimita 10. Yale ya wananchi waliochoka kuona watoto wao wakigongwa hayana kipimo.

Hata hivyo, hamu ya kushusha haipungui. Altezza ilitengenezwa Japani kati ya 1998 na 2005, ikauzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS, na ilichaguliwa gari bora la mwaka nchini Japani mara tu ilipotoka. Gia zake zinasukuma magurudumu ya nyuma, na ile ya RS200 ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210. Kwa vijana wengi wa Dar es Salaam, Kampala na Nairobi hilo ndilo gari la kwanza la michezo waliloweza kulifikia.

Sasa magari hayo yanazeeka pamoja. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huyapokea ya zamani kwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo Altezza nyingi zilizopo barabarani ni zile zile zinazopita mkono hadi mkono, na shokapu zake za kiwandani zimekwisha au zinakaribia kwisha. Mwenye gari anapokwenda gereji kubadilisha shokapu, mazungumzo hufika haraka kwenye swali la pili: kwa nini lisishushwe kabisa?

Njia ya mkato inajulikana kila gereji. Springi ya kiwandani inatolewa, inakatwa mzunguko mmoja kwa grainda, inarudishwa. Haigharimu chochote zaidi ya ufundi wa saa chache. Ubaya wake hauonekani siku hiyo. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake, na gurudumu linaponing'inia, kwa mfano linapotoka kwenye shimo, springi inaweza kulegea na kurudi ikiwa imepinda. Wengine huichoma kwa moto ili ilale. Hapo chuma hupoteza ugumu wake, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Shokapu nayo, iliyopangwa kwa springi ndefu, inafanya kazi karibu na mwisho wake muda wote. Ikifika mwisho, uzito wote wa gari unapokelewa na kipande cha mpira, kisha na bodi yenyewe.

Hapo ndipo penye hesabu ya kweli ya kushusha gari. Shokapu ina mwendo wake wa kwenda chini, tuseme sentimita 6 kabla ya kugusa mpira. Kuibana sentimita 3 kwa ajili ya umbo ni kutumia nusu ya akiba hiyo hata kabla gari halijaanza safari. Ndiyo maana springi fupi lazima iwe ngumu zaidi: mwendo uliobaki ni mdogo, na lazima utoshe. Springi ngumu kwa upande wake inahitaji shokapu yenye uwezo wa kuituliza, la sivyo gari linadunda kama mpira. Springi na shokapu hununuliwa pamoja. Kununua kimoja leo na kingine mwakani ni kununua mara mbili.

Sokoni kuna aina mbili za kurekebishika, na wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni shokapu yenye kitufe cha kukaza au kulegeza nguvu yake, inayofungwa na springi fupi ya kawaida. Kimo kikishapatikana hakibadiliki. Ya pili ndiyo koilova, yenye nyuzi mwilini kama za boliti, inayoruhusu gari kupanda na kushuka. Koilova nafuu hushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi, hivyo mwendo wa shokapu unapungua kila gari linaposhuka. Bora zaidi ni zile ambazo mguu wake wa chini unazungushwa peke yake, kwa kuwa kimo hubadilika na mwendo wa shokapu unabaki. Kwa barabara zetu tofauti hiyo ina thamani kuliko idadi ya hatua za kitufe. Hatua 16 au 32 husomeka vizuri kwenye boksi, lakini mwenye gari wengi huzitumia mbili au tatu tu.

Altezza ina jambo lake la pekee. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu haikai kwenye gurudumu bali ndani zaidi, juu ya mkono. Gurudumu linasogea zaidi ya shokapu. Kama uwiano ni 0.7, kuteremsha kikalio milimita 20 kunashusha gari karibu milimita 29, na springi ya kilo 8 kwa milimita inahisiwa kwenye gurudumu kama ya kilo 4 tu. Kwa hiyo namba zilizomfaa rafiki mwenye Subaru Impreza, ambayo shokapu yake imefungwa karibu kabisa na gurudumu, hazinakiliki. Waliojifunza hivyo kwa kukwangua ekzosi ni wengi.

Seti nyingi zinazouzwa Gerezani, Kisekka na Grogan ni za mtumba kutoka Japani. Si mbaya kwa kuwa ni za mtumba. Zilizotoka maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na nyuzi zilizoliwa na kutu, na koilova isiyozunguka ni shokapu ya bei ghali tu. Muuzaji azungushe ringi zote mbele ya mnunuzi. Fimbo isukumwe hadi chini: irudi taratibu bila kukwama, wala pasiwe na mafuta shingoni. Vikalio vya juu vya chuma vinavyosifiwa kwa mbio huanza kugonga vikishaingia vumbi. Vya mpira vinafaa zaidi kwa anayelala Kampala leo na Kisumu kesho.

Kabla ya yote, bushi na boli jointi zikaguliwe. Gari la miaka 20 likishushwa juu ya bushi zilizokufa, tairi zitalika upande wa ndani hata baada ya alaimenti, na tairi ya 215/45R17 si ya bei rahisi upande wowote wa mpaka. Kampuni ya bima nayo ielezwe mabadiliko hayo kwa maandishi.

Gari lipimwe likiwa na mzigo wake: watu wanne na mabegi ya safari, si tupu mbele ya gereji. Milimita 25 hadi 30 kutoka kimo cha kiwandani huacha nafasi ya kuvuka tuta kwa pembe bila kugusa. Springi mpya hulala kidogo wiki za mwanzo, kwa hiyo alaimenti irudiwe baadaye na taa zishushwe au zipandishwe upya. Zile springi za zamani ziwekwe stoo. Siku gari litakapouzwa, mnunuzi wa kijijini ataziulizia kabla ya kuuliza injini.