Kuziba Ufa Kolwezi

Kwenye ukuta wa sebule moja ya Kolwezi kuna ufa unaoanzia juu ya mlango na kushuka kwa kupindapinda kama mto kwenye ramani. Mwenye nyumba, fundi umeme mstaafu wa migodini, ameukatiza kwa mistari midogo ya penseli, na kando ya kila mstari ameandika tarehe. Mstari wa chini kabisa ndio mpya. Pale ufa ulipo mpana zaidi inaning'inia kalenda ya parokia. Nilidhani ametundika kalenda ili kuficha aibu. Kumbe kalenda ilitangulia. Ufa ndio uliopita chini yake, kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

Nikamuuliza kama haogopi. "Tulishazobelea," akanijibu kwa Kiswahili cha Katanga, yaani walikwisha kuzoea. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini niko naandika."

Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitunga methali hiyo, inaonekana, hakuwa na jirani mwenye baruti.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibadani, na mhubiri akasimamia neno moja tu: usiogope. Alituhakikishia kwamba neno hilo limo ndani ya Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ni hesabu inayopendwa sana makanisani, ingawa ukikaa ukahesabu haikubali, na sijui mwaka mrefu unaachiwa nini. Lakini tatizo langu halikuwa hesabu. Ndani ya Biblia neno hilo halisemwi likaachwa likielea. Hagari anaambiwa asiogope, na papo hapo anaambiwa amwinue mtoto, kisha anafumbuliwa macho na kuona kisima. Yusufu anaambiwa asiogope, kisha anaelezwa la kufanya kuhusu Mariamu. Malaika hatulizi mtu akaondoka, anaacha maagizo. Sisi siku ile tuliachwa na kwaya.

Kolwezi, katika ukanda wa migodi wa Katanga nchini Kongo, ni mji ambao hofu ni aina ya taarifa. Mtu anayeogopa huko mara nyingi ameona kitu: ufa umesogea, bei ya kobalti imeshuka, watu wenye vipimo wamepita mtaani bila kusalimia. Kumwambia asiogope bila kumuuliza ameona nini ni kumwomba afumbe macho, na imani inayoomba hivyo imejipa kazi ya kalenda ukutani.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, kwa ajili ya migodi yake ya magharibi. Kampuni ilijenga nyumba, zahanati, shule. Ilitoa posho ya unga na samaki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi aishi kambini na mkewe, kwa sababu mwanamume aliyetulia huchimba vizuri zaidi. Wamisionari wakapewa shule na kanisa. Baada ya uhuru kampuni ikataifishwa, ikaja kuitwa Gécamines, na mwaka 1971 jimbo zima likabatizwa Shaba, jina lililodumu mpaka 1997. Si kila mahali watu hupewa jina la mzigo wanaobebeshwa. Wenyeji walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama.

Kisha baba akafilisika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, pale Kolwezi, uliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji wa kampuni nzima ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa wakaondoka kazini, na utaratibu huo ukaitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita wana Shaba watoto waliotelekezwa na baba yao. Wahubiri wengi hawajasema jambo la kidini zito kuliko jina hilo.

Maana swali lilikuwa la kidini kweli. Mtu aliyefundishwa Baba Yetu katika shule ya kampuni, akala mkate wa kila siku kutoka ghala la kampuni, alikuwa na sababu nzuri ya kuchanganya anwani. Kampuni ilipoanguka, wengine waliona ni Mungu ameanguka. Wengine wakaenda kumtafuta Mungu mwenye ghala jingine. Nimewasikia wazee wakihadithia posho ya zamani kwa sauti ile ile ya Waisraeli jangwani katika kitabu cha Hesabu, waliosahau fimbo ya Misri wakakumbuka matango na vitunguu. Siwacheki. Aliyelala njaa hana budi kukumbuka ghala.

Lakini hofu ilifanya jambo baya kuliko kukumbuka. Mwaka 1992 na 1993, ajira zikiyeyuka na wanasiasa wakichochea, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga: Likasi kwanza, Kolwezi mwezi Machi 1993. Watu waliozaliwa pale, na wazazi wao wakazeekea pale, walirundikana kwenye vituo vya reli wakisubiri treni. Waliitwa wadudu. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa katika parokia zile zile na kuimba katika kwaya zile zile. Katika mahubiri yote ya hofu niliyoyasikia Kolwezi, hakuna aliyegusa treni zile. Ni rahisi zaidi kuhubiri juu ya simba wa Danieli; simba hawana wajukuu kanisani.

Ndiyo maana nashangaa kwamba mji huu umesahau ulichokizaa wenyewe. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alipangiwa kazi kwenye kambi za wachimbaji za Kolwezi, Musonoi ikiwa mojawapo. Wasomi wanamjua kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945, kilichosifiwa na kulaumiwa kwa miaka mingi na watu ambao wengi wao hawajafika Katanga. Kolwezi walimjua kwa jambo jingine. Alikuwa amekuja Kongo mwaka 1933 kama mapadri wengi wa enzi ile, bwana mwenye majibu. Musonoi alianza kuuliza. Mnataka nini hasa? Na katika majibu ya wachimbaji na wake zao yakasimama mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Kikundi kilichotokana na mazungumzo hayo kiliitwa Jamaa. Kwa sisi wa pwani neno hilo limechuja. Jamaa ni mtu yeyote aliyetupita kituo cha basi. Katanga lilibaki na uzito wake wa ukoo. Waliingia mume na mke pamoja, na waliingizwa na mume na mke wengine waliohesabika kuwa wamewazaa kiroho, hatua kwa hatua, kwa mafundisho yaliyotolewa kwa Kiswahili. Mafundisho hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Mchimbaji aliyekaa kimya mbele ya msimamizi wake juma zima alikaa sebuleni jioni akaulizwa anafikiri nini, tena mbele ya mkewe, na mkewe naye akaulizwa.

Tazama mahali lilipotokea jambo hili. Kambini kampuni ilimpa mtu kila kitu isipokuwa nafasi ya kuwa mzazi wa chochote. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na shule ya watoto pia; akifukuzwa kazi vyote vilikwenda. Jamaa haikumpa tofali hata moja. Ilimwambia kwamba yeye ni baba, mkewe ni mama, na kwamba wanaweza kuzaa watu wasiotoka tumboni. Kampuni iliposhindwa miaka thelathini na kitu baadaye, aliyekwisha kuzoea kuitwa baba na watu wa makabila mengine alikuwa na kitu cha kushika ambacho hakikuandikwa kwenye daftari la mishahara.

Sitaki kukitakasa kikundi hicho. Jamaa ilikuwa na siri nyingi kuliko zinavyofaa, ilitoa matawi yaliyopotoka, na miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waliibana kwa masharti makali. Tempels mwenyewe aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena, akafa mwaka 1977. Na Jamaa haikuzuia treni za 1993. Hata hivyo sijaona katika ukanda huu wa shaba jibu jingine la Kikristo lililoelewa vizuri hivyo kwamba mtu hamwogopi mgeni wala kesho kama anavyoogopa kubaki peke yake mbele yao.

Leo jina la Musonoi linasikika zaidi kwenye biashara. COMMUS ni kifupi cha kampuni ya madini ya Musonoie. Zijin ya China ina asilimia 72 ya hisa, na asilimia 28 ni za Gécamines. Shimo lake la wazi limo ndani ya mji. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti iliyoeleza jinsi upanuzi wa mgodi huo, uliofunguliwa upya mwaka 2015, unavyowahamisha watu wa Cité Gécamines, mtaa wa wakazi wapatao 39,000. Kwa hiyo baba aliyefilisika bado yupo: ana hisa katika kinachochimbwa chini ya vitanda vya wanawe.

Mahali pengine mjini wana hao walichimba wenyewe. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, inasimuliwa kwamba mtu aliyekuwa akichimba uani kwake alikuta mawe yenye kobalti. Wengine wanasema lilikuwa shimo la choo, wengine kisima. Hagari alifumbuliwa macho akaona maji. Kasulo walifumbuliwa wakaona madini, na punde watu wakawa wanachimba ndani ya vyumba, kitanda kikisogezwa kando. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilitenga sehemu ya mtaa, watu wakahamishwa, ukuta ukajengwa. Sura ya 28 ya Ayubu inaeleza wachimbaji wanaoning'inia gizani mbali na watu, kisha inauliza hekima iko wapi, na inamalizia kwa kumcha Mungu. Kiswahili kinatusaidia hapo, kwa kuwa kina kucha na kina kuogopa, na mtu anaweza kufanya kimoja bila kingine. Mchimbaji wa Kasulo asiyeogopa shimo la mita thelathini lisilo na nguzo si mcha Mungu zaidi ya jirani yake. Ana deni tu.

Na hofu nyingine hazina hata shimo la kuonyesha. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa miezi minne, ikaongeza muda, halafu Oktoba ikaja na mgawo wa uuzaji. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia ilikuwa na sababu zake, bei ilikuwa imeporomoka. Lakini anayeuza kwa gunia haulizwi kuhusu miezi minne.

Kwa waliohamishwa, makanisa yana fungu moja yanalolipenda kupita yote: Ibrahimu aliyetoka bila kujua aendako. Ni fungu zuri, ila lina mtego. Ibrahimu aliitwa. Tena alitoka na mifugo na watumishi wake, na nyuma yake hakukuwa na tingatinga. Kumwambia mama aliyepewa bahasha na siku chache za kubomoa paa kwamba amekuwa Ibrahimu ni kumsaidia mwenye tingatinga kuandika barua yake. Kuna kuitwa na kuna kufukuzwa, na kanisa lisilotofautisha mawili haya halina la kusema juu ya mabadiliko.

Mimi ningewapa Yeremia, sura ya 32. Mji umezingirwa, nabii mwenyewe amesema utaanguka, naye yuko kifungoni. Ndipo ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha mbele ya mashahidi, anaandika hati, anaitia muhuri, na kuagiza hati iwekwe ndani ya chombo cha udongo idumu siku nyingi. Hakujifanya kwamba jeshi halipo. Aliogopa kwa usahihi, halafu akatunza makaratasi.

Nadhani ndicho wanachokifanya Masista wa Mchungaji Mwema, ambao kituo chao cha Bon Pasteur kimefanya kazi na familia za wachimbaji wa Kolwezi tangu mwaka 2012. Mwanzilishi wake, Sista Catherine Mutindi, ni Mkenya, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya Opus. Shule kwa watoto waliokuwa wakiokota mawe, kilimo, kazi za mikono kwa akina mama, elimu ya haki ili mtu ajue karatasi gani adai na kwa nani. Hakuna kinachopaa katika orodha hiyo. Karibu yote yangeingia kwenye mtungi wa Yeremia.

Yule fundi umeme, wazazi wake walikuwa watu wa Jamaa. Yeye hasemi kwamba ni mmoja wao, lakini Alhamisi jioni majirani wanakuja kwake na viti vyao, na wanavipanga katikati ya chumba, mbali na ukuta wa ufa, bila kuambiwa. Nilipokuwepo walikuwa wakisoma kuhusu shamba la Anathothi. King'ora cha mgodini kikalia. Kila mtu akanyamaza, mtoto mmoja akaziba masikio kabla ya wakati. Ukaja mshindo, vikombe vikagongana kabatini, vumbi jembamba likashuka kutoka darini. Mzee akainuka, akanyanyua kona ya kalenda kwa kidole, akachungulia, akaiachia.

"Bado," akasema, na penseli akairudisha mfukoni.

"Endelea, papa," mkewe akamwambia. "Tulifika ku mutungi."