Mpunga wa Mngeta: nani anakaa na gunia hadi Desemba?

Kati ya Juni na Agosti kila mwaka, malori ya Fuso huanza kuingia katika vijiji vya Bonde la Kilombero kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Makambako. Ni msimu wa mavuno, na mpunga huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ifikapo Desemba, mchele uleule uliotoka bondeni huuzwa Tandale na Manzese kwa bei ambayo mkulima aliyeulima hupata shida kuiamini. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo biashara yenyewe. Swali ni nani huichukua, na kwa gharama gani.

Mngeta ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo. Kijiji kiko kusini magharibi mwa Ifakara, upande wa kuelekea Mlimba, katika ukanda mwembamba wa ardhi ulio kati ya milima ya Udzungwa na mbuga za mto Kilombero. Reli ya TAZARA inapita hapo, na mto uitwao pia Mngeta unashuka kutoka milimani. Mashamba yako chini, kwenye tambarare inayojaa maji wakati wa masika. Nyumba ziko juu, karibu na reli na barabara.

Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Kabla ya miaka ya 1970 Wandamba na majirani zao waliishi wakiwa wametawanyika, wengi karibu na mito. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na katika miaka hiyohiyo ikaja operesheni ya vijiji, ambapo watu walisogezwa kukaa kwa pamoja kandokando ya njia kuu. Mashamba yalibaki yalipokuwa. Ndiyo maana hadi leo familia nyingi za bondeni zina makazi mawili: nyumba ya kijijini na kibanda cha shambani, mara nyingi dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, ambako watu huhamia kwa miezi kadhaa kulima, kupalilia na kuamia ndege. Gharama ya kuhama huko haionekani kwenye hesabu za mfanyabiashara, lakini mkulima huilipa. Akiwa dunguni hauzi wala hafanyi kibarua kingine, na chakula anachokula kule lazima kinunuliwe mahali.

Hapo ndipo tatizo la bei linapoanzia, miezi minne kabla ya lori la kwanza kufika.

Februari na Machi ni miezi ya palizi. Akiba ya mwaka uliopita imekwisha, ada za shule zimelipwa Januari, na shamba lisipopaliliwa kwa wakati magugu hulimaliza. Mkulima asiye na fedha humwendea mwenye fedha, ambaye huenda ni mwenye duka, mwenye mashine ya kukoboa au wakala wa mnunuzi wa mjini. Mapatano hufungwa kwa gunia: fedha sasa, mpunga wakati wa mavuno. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkulima anapewa sh. 30,000 mwezi Februari na kuahidi gunia moja mwezi Juni. Gunia hilo likiwa na thamani ya sh. 60,000 siku ya kulikabidhi, amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi minne. Hakuna benki nchini inayothubutu kutangaza riba kama hiyo, ingawa ni kweli pia kwamba hakuna benki inayomfuata mtu dunguni mwezi Februari.

Mwenye kutoa fedha naye ana hoja zake. Mafuriko yakipita au kweleakwelea wakishuka, deni halilipiki. Wengine huuza gunia hilohilo kwa watu wawili. Mtaji wake umelala miezi minne bila dhamana yoyote ila neno la mtu. Hata hivyo, hatari hizo zikihesabiwa zote, ni vigumu kuona zinavyofikia asilimia 100, na wanaofanya biashara hiyo kwa miaka mingi wengi wao hawajafilisika.

Kwa hiyo Juni inapofika, sehemu ya mavuno tayari si ya mkulima. Sehemu nyingine lazima iuzwe papo hapo kulipa wavunaji, mwenye trekta na usafiri kutoka shambani. Wakulima wote wa bonde wanauza katika wiki zilezile. Bei inaanguka, na haianguki kwa sababu ya hila ya mtu fulani.

Juu ya hapo kuna suala la kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na lumbesa imepigwa vita kwa miaka mingi, lakini vijijini mpunga bado huuzwa kwa debe. Debe lililofutwa kwa ubao halilingani na lililorundikwa, na gunia lililoshindiliwa halilingani na lililojazwa tu. Mfanyabiashara mgeni anayeuliza bei ya gunia bila kuuliza ni gunia la debe ngapi hajauliza kitu. Mwenye mizani yake mwenyewe hupata picha ya kweli, na mara nyingi hupata pia wauzaji wanaompendelea hata akitoa bei ya chini kidogo.

Wapo wanaodhani kwamba faida iko katika kununua Juni na kufungia ghala hadi Desemba. Hesabu inahitaji uangalifu. Tuseme mpunga umenunuliwa kwa sh. 600 kwa kilo ukiwa na unyevu wa asilimia 18. Kabla ya kuhifadhiwa lazima ukaushwe hadi kiasi cha asilimia 14, la sivyo utavunda au utavunjika mashineni. Kilo 100 zikikauka hivyo zinabaki kilo 95 na ushei. Fedha ikiwa ya mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, miezi mitano ni sh. 9,000 kwa kila gunia la sh. 60,000. Ghala na ulinzi, tuseme sh. 1,000. Jumla ni sh. 70,000 kwa kilo 95.3, yaani karibu sh. 735 kwa kilo. Bei isipopanda kwa zaidi ya asilimia 22, aliyefungia amefanya kazi ya bure, na hapo panya hawajahesabiwa.

Katika misimu mingi bei hupanda zaidi ya hapo. Lakini si yote, na msimu mmoja mbaya umekaa katika kumbukumbu za watu wa Mngeta kuliko mingine.

Mwaka 1986 serikali za Tanzania na Korea Kaskazini ziliunda kampuni ya pamoja iliyoitwa KOTACO, ikapewa shamba la mpunga la hekta 5,818 hapo Mngeta. Wakorea waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, shamba likarudi msituni taratibu chini ya mamlaka ya bonde la Rufiji, RUBADA. Mwaka 2008 lilifufuliwa na Kilombero Plantations Limited, KPL, kwa mtaji wa kampuni ya Agrica ya Uingereza, na baadaye wakaingia wawekezaji wengine, ukiwamo mfuko wa serikali ya Norway, Norfund. Kiwanda kikubwa cha kukoboa kikajengwa, mtambo wa kuzalisha umeme kwa pumba ukafungwa, na maelfu ya wakulima wa vijiji vya jirani wakafundishwa kilimo shadidi: mche mmoja mchanga kwa shimo, nafasi pana, mbegu bora. Ulipozinduliwa mpango wa SAGCOT wa ukanda wa kusini mwaka 2010, Mngeta ilikuwa moja ya mifano ya kuonyeshwa wageni.

Mapema 2013 serikali, ikitaka kushusha bei ya chakula mijini, iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru. Katika hali ya kawaida ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75, ukuta ambao ndio unaoufanya mpunga wa Kilombero uweze kushindana na ule wa Asia. Ukuta ulipofunguliwa, bei ya ndani iliporomoka. Waliokuwa wamefungia maghala walikamatwa na mzigo mkononi. Kampuni yenyewe iliyumba, na ingawa iliendelea kwa miaka kadhaa, kufikia 2019 ilikuwa imeshindwa kulipa madeni yake.

Mwekezaji mdogo afikiri hapo. Kampuni yenye kiwanda, mitambo ya umwagiliaji na wenye hisa wa Ulaya ilishindwa mahali ambapo mkulima wa ekari tatu angali analima. Mkulima hakuwa na ujuzi zaidi. Alikuwa hadaiwi dola, na bei ikianguka alikuwa na uwezo wa kula mpunga wake. Kwa upande mwingine, kijiji kilipoteza mnunuzi mmoja mkubwa na walimu wa kilimo kwa pamoja, na ushindani wa bei wakati wa mavuno ukapungua.

Kilichobaki kijijini ni mbegu na maarifa. Mkulima wa zamani wa bondeni alipanda Supa na mbegu nyingine za asili, ndefu, zenye harufu nzuri, zinazopendwa na mlaji na kulala chini upepo ukivuma. Kituo cha utafiti cha KATRIN karibu na Ifakara, ambacho sasa kiko chini ya taasisi ya TARI, kilisaidia kuwafikishia wakulima mbegu ya SARO 5 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hii ni fupi, haianguki ovyo, na harufu yake ni ya wastani. Shamba la kutegemea mvua kwa mtindo wa zamani hutoa tani mbili hivi za mpunga kwa hekta. SARO 5 ikipandwa kwa nafasi na kutiwa mbolea, katika maji yanayodhibitiwa, hutoa mara mbili ya hapo na zaidi. Sokoni mambo ni tofauti kidogo: mnunuzi anayejua mchele hulipa zaidi kwa Supa, na wafanyabiashara wasio waaminifu huchanganya mbili hizo na kuziuza kwa jina la moja. Mkono uliozoea hugundua kwa kuutazama na kuunusa. Asiyezoea apike kikombe kimoja kabla ya kulipa.

Faida nyingine iko mashineni. Tuseme gunia la kilo 100 limenunuliwa kwa sh. 70,000 na kukobolewa kwa sh. 5,000. Mashine chakavu ikitoa kilo 60 za mchele, kila kilo imegharimu sh. 1,250 kabla ya usafiri. Mashine nzuri ikitoa kilo 66, gharama ni sh. 1,136. Kwa lori la tani kumi tofauti ni zaidi ya sh. milioni 1.1, na chenga bado hazijatengwa. Wafanyabiashara wengi hubishana kwa saa nzima juu ya shilingi kumi za bei ya mpunga, kisha wanaupeleka kwenye mashine iliyo karibu na barabara bila kuuliza lolote.

Usafiri umebadilika. Kwa miaka mingi treni ya abiria ya TAZARA ilikuwa ndiyo soko linalotembea: mama wa Mlimba alipanda na magunia mawili, akashuka Makambako na kurudi na viazi. Barabara ya vumbi ilikatika masika, na mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko hadi lilipojengwa daraja la mita 384 lililopewa jina la Rais Magufuli. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ilianza kuwekwa lami mwaka 2017. Lami hiyo imeleta wanunuzi wengi zaidi Ifakara. Kwa Mngeta, ambayo iko mbele zaidi, kila kilomita ya vumbi bado inakatwa kwenye bei ya mkulima, na wakati wa mvua hukatwa zaidi.

Kuna wanaotaka kuingia kwa njia nyingine: kukodi ekari ishirini, kutuma fedha kwa simu na kusubiri mavuno mjini. Bondeni mashamba ya namna hii yanajulikana kwa magugu yake. Ndege hawaamiwi kwa simu. Masika ya 2024 mito ilifurika Ifakara na Mlimba na kubeba mashamba ya watu waliokuwepo, sembuse ya wasiokuwepo. Isitoshe, ardhi yenyewe ina mipaka yenye historia. Mbuga za Kilombero ziliorodheshwa mwaka 2002 kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2012 wafugaji waliondolewa kwa operesheni, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya eneo tengefu ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Anayeonyeshwa shamba zuri karibu na mto aulize serikali ya kijiji kwanza, tena kwa maandishi yenye muhtasari wa mkutano, kwani chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 neno la mwenyekiti peke yake halitoshi.

Njia yenye hatari ndogo zaidi, na ambayo wachache wanaijaribu, ni ghala la pamoja. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005: kikundi kinaweka mpunga uliopimwa na kukaushwa, kinapata stakabadhi, na kwa hiyo kinakopa sehemu ya thamani kulipa vibarua bila kuuza Juni. Vikwazo vyake vinajulikana. Ghala lenye leseni liwe karibu, mizani iwe ya kweli, na wanachama wasiwe wameshauza mpunga wao tangu Februari. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kikundi kinachoanza na mfuko mdogo wa kukopeshana fedha za palizi kina nafasi ya kuwa na mpunga wa kuweka ghalani. Kinachoanza na ghala, mara nyingi hubaki na jengo.

Kwa mnunuzi wa msimu ujao, viashiria vya kufuatilia ni vitatu: mvua za Machi na Aprili milimani, bei ya gunia la ahadi huko vijijini mwezi Februari, na kauli yoyote ya Dodoma kuhusu ushuru wa mchele wa nje kabla ya Juni.