Elimu Endelevu ya Sheria kwa Wathibitishaji wa Hati: Kinga ya Mali na Haki za Mwananchi

Mkazi wa Mbagala anayeuza kiwanja, mjane wa Tandika anayefuatilia mirathi na kijana wa Tegeta anayehitaji hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwake, wote hupita katika mlango mmoja: ofisi ya mthibitishaji wa hati za umma na kamishna wa viapo. Huduma hiyo huchukua dakika chache, lakini athari ya saini na muhuri unaogongwa hapo huweza kudumu kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, elimu endelevu ya sheria kwa watoa huduma hao ni jambo linalomhusu kila mwananchi.

Mthibitishaji wa hati ni nani?

Kazi hiyo inaongozwa na Sheria ya Wathibitishaji wa Hati za Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania. Mwenye haki ya kufanya kazi ya uwakili ndiye anayeweza kumwomba Msajili wa Mahakama Kuu cheti cha kutekeleza majukumu hayo. Akiwa kamishna wa viapo, humwapisha mtu anayetoa maelezo kwa hati ya kiapo. Akiwa mthibitishaji, hushuhudia utiaji saini wa mikataba, hati za uhamisho wa milki na nyaraka za uwakilishi, na huthibitisha kuwa nakala inafanana na hati halisi.

Muhuri wake, kwa hiyo, ni tamko kwamba mtu fulani alifika mbele yake, akatambuliwa, akaapa au akatia saini kwa hiari, mahali na siku iliyotajwa. Hati inayogongwa muhuri ilhali mhusika hakufika ni hati yenye uongo ndani yake, hata kama maelezo mengine yote ni ya kweli.

Kosa dogo, hasara kubwa

Sheria inamtaka anayeapisha aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza sharti la kuandika jina lake. Umuhimu wa masharti haya ulionekana katika shauri la D.B. Shapriya & Co. Ltd dhidi ya Bish International B.V., lililoripotiwa mwaka 2002, ambapo Mahakama ya Rufani ilikataa hati ya kiapo kwa kuwa haikuonesha mahali kiapo kilipofanyika.

Tangu mwaka 2018, sheria imezitaka mahakama kuzingatia zaidi haki ya msingi kuliko kasoro za kiufundi, na katika baadhi ya mashauri marekebisho ya viapo yameruhusiwa. Hata hivyo, mwananchi hana uhakika wa kupata nafuu hiyo. Maombi yakiondolewa mahakamani kwa kasoro ya kiapo, hulazimika kuanza upya, na wakati mwingine muda wa kisheria huwa umekwisha kupita.

Katika mauziano ya ardhi, hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mthibitishaji anayeshuhudia hati ya ridhaa bila kuhakiki kuwa aliyesimama mbele yake ndiye mke au mume halisi, anaweza kusababisha familia kupoteza makazi na mnunuzi kupoteza fedha.

Sheria zinabadilika

Wakili aliyehitimu miaka kumi iliyopita alisoma sheria ambazo nyingi zimebadilika. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inagusa kila ofisi inayotunza nakala za vitambulisho vya wateja. Aidha, toleo jipya la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu, Sura ya 423, mawakili na wathibitishaji wa hati ni miongoni mwa watoa taarifa wanaopaswa kumtambua mteja na kuripoti miamala yenye shaka. Wajibu huu ulipata uzito zaidi baada ya Tanzania kuwekwa katika orodha ya uangalizi ya chombo cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu, FATF, Oktoba 2022. Nchi iliondolewa katika orodha hiyo Juni 2025, na kubaki nje yake kunategemea pia uangalifu wa ofisi ndogo zinazoshuhudia mauziano ya viwanja na nyumba.

Mafunzo hayo kwa mawakili wa Tanzania Bara husimamiwa na Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954. Ushiriki hupimwa kwa pointi, na wakili huhuisha cheti chake cha kufanya kazi kila mwaka.

Mwananchi afanye nini?

Elimu kwa mawakili haitoshi iwapo wananchi wataendelea kuhudumiwa na vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, wakiwemo wanaogonga mihuri ya kughushi katika vibanda vya uchapaji. Kabla ya kulipia huduma, mwananchi anaweza kuhakiki jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania.

Anapaswa pia kufika mwenyewe akiwa na kitambulisho, kusoma hati yote au kusomewa, kutotia saini karatasi yenye nafasi tupu, na kuhakikisha jina la anayeapisha, mahali na tarehe vimeandikwa. Katika shauri la mahakamani, wakili anayemwakilisha hapaswi kuwa ndiye anayemwapisha. Sura ya 12 inakataza jambo hilo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa masuala ya mirathi na ndoa, wakazi wa Dar es Salaam wanahudumiwa katika Kituo Jumuishi cha Mahakama cha Temeke.

Mwananchi asiyeridhishwa na mwenendo wa wakili anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Anashauriwa kutunza risiti na nakala ya hati iliyogongwa muhuri, kwa kuwa ndizo zitakazokuwa ushahidi wake.