Akili unde na mkondo wa saratani ya tezi dume

Saratani ya tezi dume ikishatoka kwenye tezi na kuingia mifupani haina mwendo mmoja. Yupo atakayeishi nayo miaka mingi kwa dawa za kuzima testosteroni, na yupo ambaye dawa hizo hizo zitashindwa kumsaidia kabla ya mwaka kuisha. Kuwatambua wawili hawa mapema ndiyo kazi iliyokabidhiwa akili unde.

Tangu miaka ya 1960 madaktari wametegemea alama ya Gleason. Mwanapatholojia huweka chini ya hadubini kipande cha nyama kilichotolewa kwa sindano na kutiwa rangi ya waridi na zambarau, akakadiria jinsi seli zilivyovurugika. Wanapatholojia wawili wakitazama kipande kimoja, huenda wasikubaliane. Programu ya akili unde huchukua picha ya kipande hicho, ikaigawa vijisehemu, ikavilinganisha na vya wagonjwa ambao hatima yao inajulikana, kisha ikajumlisha umri na kipimo cha damu kiitwacho PSA.

Mwaka 2025 kipimo cha namna hii kilijaribiwa kwa wanaume zaidi ya 1,300 wa utafiti wa STAMPEDE, ambao saratani yao ilikuwa ya hatari kubwa lakini haijasambaa. Kiliteua robo yao kuwa ndio wanaohitaji dawa ya ziada. Kwa hao, dawa ya abirateroni ilishusha vifo vitokanavyo na saratani hiyo ndani ya miaka mitano kutoka asilimia 17 hadi 9; waliobaki walifaidika kidogo tu. Dawa hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo kumjua asiyeihitaji nako ni tiba.

Kwa saratani iliyosambaa na kuacha kusikia dawa za homoni, shindano la DREAM la 2015 lilikutanisha timu 50 na rekodi za wagonjwa zaidi ya 2,000 ili zitabiri mwendo wake. Timu kutoka Finland ilishinda, na miongoni mwa viashiria vilivyojitokeza ni AST, kimeng'enya kinachoonekana kwenye kipimo cha kawaida cha damu cha kuchunguza ini. Hilo lina uzito kwa mgonjwa wa mji wa Ruiru, Kenya, kwa kuwa kipimo hicho hakihitaji mashine ya mamilioni.

Kutoka mtaa wa Membley mjini humo si mbali kufika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yenye kituo cha saratani na mashine ya PET ya kupiga picha za ndani ya mwili. Lakini programu zilizopo zimefunzwa zaidi kwa Wazungu wa Marekani na Ulaya, ilhali saratani hii huwapata zaidi wanaume weusi. Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 3,400 mwaka 2020, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Alama iliyotungwa kwa wengine haifai kuwaamulia hawa kabla ya kujaribiwa kwao. Jaribio hilo linadai vipande vihifadhiwe na kupigwa picha, na mgonjwa afuatiliwe hata akihamia hospitali nyingine au akirudi mashambani. Bila kujua alikoishia, picha yake haifundishi chochote. Na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya yake ni data nyeti: hazichukuliwi kiholela.