Kipande cha Ruvu–Mruazi

Reli ya Ruvu–Mruazi ni kipande cha kilomita 188 kinachounganisha Reli ya Kati na Reli ya Tanga. Kinachepuka pale Ruvu, mkoani Pwani, kinaelekea kaskazini, kinavuka mto Wami na kuingia Reli ya Tanga pale Mruazi. Kwa treni ya mizigo kazi yake ni kufikisha mabehewa ya Moshi Dar es Salaam, au ya Mwanza Tanga, bila kushusha mzigo njiani.

Kilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo reli hizo mbili zilikuwa hazijuani. Wajerumani walianza ile ya Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi 1911. Ya Dar es Salaam ilianza 1905, ikagusa Kigoma 1914. Upana ni uleule, mita moja, lakini kila moja ilikuwa ya bandari yake tu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walitandaza reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Kahe, na hivyo Moshi ikaungana na Mombasa karibu nusu karne kabla ya kuungana na Dar es Salaam.

Faida ya kipande hiki ilionekana hasa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa. Mlango wa Mombasa ukaziba. Moshi na Arusha, ambazo zingebaki na Tanga peke yake, zikawa na njia ya pili hadi Dar es Salaam na bara yote ya kati.

Mkoa wa Kagera hauna reli, lakini nao hauko nje ya hesabu hii. Mzigo wa Karagwe na Kyerwa, kahawa ya kata ya Songambele ikiwemo, huanza safari kwa lori. Bandari ya Kemondo, mkoani humo kwenye Ziwa Victoria, ilijengewa gati la meli za mabehewa, mfano wa MV Umoja, ambayo sitaha yake imetandikwa reli: behewa husukumwa kutoka nchi kavu hadi melini, likavuka ziwa, likateremshwa Mwanza na kuendelea na magurudumu yaleyale. Kutoka hapo hupita Tabora, Dodoma na Morogoro. Likifika Ruvu, kwenda Tanga ni suala la kugeuza njia tu.

Baadaye kipande kiliachwa, na malori yakachukua mzigo. Ukarabati ulikirudisha kazini; Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam ilifika tena Moshi kwa kupitia humo.

Upana wa reli ndio siri ya kipande hiki. Kidatu, ambako reli ya mita moja kutoka Kilosa inakutana na reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067, tofauti haizidi upana wa kiganja, lakini inatosha kulizuia behewa. Kontena hunyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa upande wa pili. Ruvu nayo sasa ina stesheni ya reli ya kisasa (SGR), ambayo upana wake ni milimita 1,435. Behewa la SGR linafika Ruvu, ila haliwezi kukunja kona kwenda Mruazi.